Chungu cha Mkisi na Chuma cha Kuzimu

Ukinunua chungu sokoni Ipinda, unakigonga kwanza usikie kama kina ufa. Vyungu vya Wakisi hufinyangwa na wanawake wa Ikombe, husafiri Ziwa Nyasa kwa mitumbwi hadi Matema, ndipo vitufikie huku kwenye mpunga. Tukiviandika, tunaandika habari za mapishi na biashara. Mimi naona tunavipunja. Chungu ni shahidi pia wa kitu kilichoko kilomita 2,900 chini ya miguu yetu.

Huko kuna bahari ya chuma kilichoyeyuka. Kwa kawaida chuma kikipata joto kali hupitisha umeme kwa shida. Lakini mgandamizo wa huko, zaidi ya mara milioni moja ya ule wa hewa yetu, unazibana atomi zake na umeme unapata njia. Chuma hicho kikizunguka, mikondo ya umeme ndani yake inazaa sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira.

Kinapitisha umeme kiasi gani? Hapo wataalamu hawaelewani. Mwaka 2012 Monica Pozzo na wenzake walipiga hesabu wakapata mara mbili hadi tatu ya makadirio ya zamani. Mwaka 2016 timu mbili zilibana chuma kwa ncha za almasi na kukichoma kwa leza. Matokeo yao yakatoka katika toleo moja la jarida la Nature, yakipingana! Si ubishi wa bure. Chuma kinachopitisha umeme vizuri hupitisha na joto vizuri, na kiini kinachopoa haraka kina umri tofauti na tulivyofundishwa.

Sasa chungu kinaingiaje? Udongo una chembe za madini ya chuma. Ukichomwa kisha ukapoa, chembe hizo zinashika nguvu ya sumaku ya dunia kama ilivyokuwa siku ile. Mwaka 2015 John Tarduno na wenzake walieleza walichosoma kwenye sakafu za nyumba na maghala ya nafaka ambayo wakulima wa kale wa bonde la Limpopo waliyachoma, inadhaniwa kwa tambiko wakati wa ukame. Wakaona sumaku ikidhoofika karne zile. Wakulima wale hawakuacha kitabu, ila moto wao uliandika.

Kwa hiyo kigae kilichotupwa jalalani kina habari, mradi ijulikane kilichomwa wapi na lini. Hayo wafinyanzi wa Ikombe wanayajua. Twende tukawaulize wangali hai.