Deraya ya Mahari: Safari ya Vipete vya Chuma Hadi Kichwani kwa Biharusi



Kila tunapotoa kazi mpya ya vipete, iwe ya kuning'inia kwenye paji la uso juu ya mtandio au mkanda wa kiunoni wa kuvalia juu ya gauni, kuna swali hatulikosi. Wasichana hawaulizi, wao wanauliza bei na rangi. Wanaouliza ni mama zao na shangazi zao: "Hivi nyinyi, biharusi mnamvisha minyororo?" Wengine wanasema huku wanacheka. Wengine hawacheki hata kidogo, na katika kisiwa chetu hiki sababu inajulikana. Shaaban iliyopita, msimu wa harusi umepamba moto, kazi moja ilirudishwa ikiwa imeshakamilika, kwa sababu bibi wa upande wa mume alisema hataki kuona mnyororo shingoni mwa mke wa mjukuu wake. Hatukugombana naye, ni mtu mzima na ana haki yake. Lakini tumeona tukae kitako tuandike kazi hii imetoka wapi, maana wengi wanadhani tumeitoa kwenye filamu za wazungu.

Tuanze na majina, kwa sababu Kiswahili chetu kimeshatenganisha mambo haya zamani. Kuna mnyororo, kuna mkufu na kuna deraya. Mnyororo na mkufu ni ndugu: pete inashika pete, inayofuata inashika inayofuata, mstari mmoja kwenda mbele. Makaburi ya wafalme ya Ur, kule Iraq, yametoa mikufu ya dhahabu iliyosukwa pete ndani ya pete yapata miaka 4,500 iliyopita, kwa hiyo mkufu ni wa siku nyingi sana. Deraya ni kitu kingine. Katika deraya ya kawaida kila kipete kinapita ndani ya vipete vinne, viwili juu na viwili chini, na ukiendelea hivyo huna mstari tena, una kitambaa. Kinakunjika, kinalala begani, kinafuata mwili. Kipete kimoja kikikatika, kitambaa hakifumuki.

Sisi tulisoma ushonaji kabla ya kushika koleo, na tunawaambia wazi kwamba ni kazi ya fundi cherehani kuliko ya mhunzi. Waya unazungushwa kwenye fimbo ya chuma kama springi, springi inakatwa, na kila mzunguko mmoja unakuwa kipete. Kukifungua unakipinda mwisho mmoja uende mbele na mwingine nyuma, hukitanui kwa pembeni, kwa sababu kikitanuliwa hakirudi tena kuwa duara. Na kitambaa hiki kina upande wa nyuzi kama kitambaa chochote. Upande mmoja kinavutika na kurudi, upande mwingine kinakaa imara. Ukikigeuza robo mzunguko, kilichokuwa kinabana kifua kitaning'inia tu. Mafundi wa zamani hawakukata kwa mkasi na kushona. Walikuwa wanaongeza vipete penye mabega na kupunguza penye kiuno, kama mfumaji wa sweta anavyoongeza na kupunguza macho. Fulana moja ya vita ilikula vipete 20,000 na zaidi, na yenye mikono mirefu ilifika uzito wa kilo kumi na kitu. Halafu vipete vya vita havikuachwa wazi kama vyetu. Ncha mbili zilipondwa, zikalaliana, zikatobolewa na kupigwa msumari mdogo.

Msumari huo tuushike hapo, maana ndio unaotupeleka kwenye Qur'ani.

Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anataja kwamba alimfundisha Nabii Daud (A.S.) kutengeneza mavazi ya kuwakinga watu katika vita vyao, kisha anauliza kama sisi ni wenye kushukuru. Katika Surat Sabaa, aya ya 10 na 11, tunaambiwa kwamba chuma kililainishwa kwake, na akaamrishwa atengeneze deraya kamili na apime vizuri katika kuunganisha. Wafasiri wa mwanzo wameieleza amri hiyo ya kupima kifundi kabisa: msumari usiwe mwembamba ukacheza ndani ya tundu, wala usiwe mnene ukapasua kipete. Na imepokewa kutoka kwa Qatada kwamba Nabii Daud ndiye wa kwanza kutengeneza deraya ya vipete, kabla yake zilikuwa bamba tupu. Tulipoisoma tafsiri hiyo tulitazamana. Hilo ndilo jambo la kwanza anafundishwa mwanafunzi wetu: upana wa ndani wa kipete lazima uendane na unene wa waya. Waya ukizidi, vipete vinakataa kuingiana. Ukipungua, kazi inalegea na inaonekana rahisi hata kama ni fedha tupu. Na katika hadithi iliyo katika Sahih Bukhari tunajua kwamba Nabii Daud, pamoja na ufalme wake, alikuwa anakula kutokana na kazi ya mkono wake. Dada zetu mnaoona haya kusema "mimi ni fundi" mbele ya wakwe, hapo mna jibu.

Wachimbaji wa mambo ya kale, kwa upande wao, moja ya deraya za zamani sana walizozipata ilikuwa katika kaburi la Wakelti huko Ciumești, Romania, la karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Warumi wakaichukua, majeshi ya Uajemi nayo yakaivaa, na Waarabu waliijua vizuri kabla ya Uislamu. Kuna ya zamani zaidi ardhini? Chuma ni chakula cha kutu, na sisi tunaokaa na upepo wa bahari hatuhitaji kuelezwa.

Sasa Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa amevaa deraya mbili, moja juu ya nyingine, na kichwani kofia ya vita yenye vipete. Aliposhambuliwa, vipete viwili vya kofia ile vilizama katika shavu lake. Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.) alivitoa kwa meno yake, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikaondoka na jino lake la mbele. Kisha alikuja Bi Fatma (R.A.) kuosha damu ya babake, na alipoona maji hayaizuii, akachoma kipande cha mkeka akaweka jivu lake juu ya jeraha. Sisi ambao vipete tunavishika kutwa nzima, vyepesi, vya kupendeza, tukifika hapa mikono inapoa.

Na Bi Fatma huyu huyu, mwaka mmoja kabla, ndiye aliyeolewa kwa deraya. Wengi hawajui, au walisikia utotoni madrasa wakasahau. Sayyidna Ali (R.A.) alipoposa hakuwa na kitu. Mtume akamuuliza, iko wapi deraya yako ile ya Hutamiyya? Riwaya hii iko kwa Abu Dawud na kwa Nasai. Deraya ile ndiyo ikawa mahari. Katika masimulizi mashuhuri aliiuza, na thamani inatajwa kuwa dirhamu mia nne na zaidi kidogo, riwaya zikitofautiana. Bibi wa wanawake wa peponi, binti wa Mtume, mahari yake ilikuwa vazi la vipete vya chuma alilokuwa nalo mchumba wake.

Tunalirudia hili kwa sababu tunaona yanayopita dukani. Tunaona mabiharusi waliovaa dhahabu ya kuazima, na mama ana hofu usiku kucha kama kidani kitarudi salama kwa mwenyewe. Tunaona posa zinazokaa mwaka, miaka miwili, kijana anatafuta gramu zilizotajwa na wajomba. Dhahabu ni halali kwetu wanawake na ni akiba nzuri, hatuipigi vita, na mwenye nacho avae. Lakini tusijifanye kama dini ndiyo iliyoweka gramu hizo. Yule sahaba aliyeambiwa akatafute japo pete ya chuma, akaikosa hata hiyo, aliozeshwa kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Na deraya ya Mtume mwenyewe, alipofariki, ilikuwa imewekwa rehani kwa Yahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri, kwa ajili ya chakula cha watu wa nyumbani kwake.

Baada ya hapo deraya ilikaa kwa Waislamu karne nyingi. Uajemi, Uturuki, Misri ya Wamamluki, India. Katika makumbusho zipo ambazo vipete vyake vimepigwa mhuri wa majina matukufu, kimoja kimoja, kazi ya macho kweli kweli. Wapanda farasi wa Bornu na wa Sudan walizivaa hadi mwisho wa karne ya 19, wakati Ulaya zilikuwa zimeshaachwa kwa ajili ya bunduki.

Turudi nyumbani, kwa maneno ya yule bibi. Hatuwezi kuandika historia ya vipete Unguja tukaruka Mkunazini. Mwenye kupita pale kwenye kanisa amewaona wale watu watano wa mawe ndani ya shimo, kazi ya mchongaji wa Kiswidi Clara Sörnäs, na minyororo iliyo shingoni mwao si ya kuchonga, ni ile ile ya wakati wa utumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sayyid Barghash. Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa katika amri hiyo. Wao walisubiri hadi 1909. Si zamani kama tunavyopenda kudhani. Wapo wazee wetu waliolelewa na mabibi waliozaliwa katika hali hiyo. Mtumwa alijulikana kwa nguo zake, merikani chakavu au kaniki, kichwa wazi. Waliopata uhuru walikimbilia kanga, wakafunika vichwa vyao, wakajipamba, na walikuwa na maana yao. Kwa hiyo mtu mzima akishtuka kuona chuma shingoni mwa biharusi, hajakosa adabu wala hajapitwa na wakati. Anakumbuka.

Sisi tumechukua msimamo huu: hatutengenezi kitu cha vipete vinene kinachokaa shingoni kama kola, hata mteja akileta picha kutoka Ulaya na kulipa mara mbili. Wala kile cha kuunganisha kifundo cha mkono na kidole kwa mnyororo mzito. Tunatengeneza kitambaa cha deraya, chepesi, kinacholala juu ya mtandio au juu ya nguo. Wenzetu wengine kwenye biashara hii wanatuona washamba. Sawa.

Jinsi deraya ilivyotoka vitani ikaingia mikononi mwa wanawake ni hadithi fupi. Marekani, katika mji wa Plainville, jimbo la Massachusetts, kampuni ya Whiting & Davis iliyoanzishwa mwaka 1876 ilipata jina kwa mikoba ya vipete vidogo sana. Kabla ya mashine kuenea katika miaka ya 1910, vipete vile viliunganishwa kwa mkono, na wanawake walikuwa wakiifanya kazi hiyo majumbani kwao. Hapo tunaijua hali yao bila kuwaona. Mwaka 1966 huko Paris, Paco Rabanne alionyesha magauni ya bamba na vipete badala ya kitambaa, akasemwa sana, na tangu hapo mitindo haijaiacha. Wachinjaji nao wana glavu zake hadi leo za kuzuia kisu.

Kwa biharusi anayetaka kuagiza, mambo machache. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, inafaa kichwani kwa sababu utakaa nayo saa tano au sita ukumbini. Chuma cha pua kinadumu lakini ni kizito, tunakiweka kwenye mikanda. Shaba inageuka kijani kwa jasho, usiivae juu ya nguo nyeupe. Kama una wekundu masikioni kwa vipuli vya bei rahisi, tuambie mapema, huenda ngozi yako haipatani na nikeli. Na kama nyumbani kuna mikufu ya bibi iliyokatika, usiiuze kwa mpita njia. Nyingi ya fedha ya masonara wa Oman na ya kwetu ilitokana na zile riale za Maria Theresa, zenye mwaka 1780 juu yake, gramu 28 moja, zaidi ya asilimia 80 fedha safi. Sonara anaweza kuivuta iwe waya, nasi tukaisuka. Kazi ya kichwani ina vipete kati ya 700 na 1,000 na inatuchukua siku tatu za watu wawili, kwa hiyo usije Jumatano kwa harusi ya Ijumaa.

Udi na manukato yaishe kwanza ndipo uvae. Na usiku ukirudi usiivue kwa kuvuta. Mwite somo au wifi alegeze ndoano ya nyuma, kisha anyanyue kuanzia kisogoni kuja mbele. Nywele zikinaswa, asizikate. Kipete kimoja kinafunguliwa kwa koleo mbili ndogo, tunazitia ndani ya boksi bila malipo.