Mpira wa Miguu na Suala la Taifa: Mafunzo Kutoka Visiwa vya Cape Verde

Utangulizi

Tarehe 13 Oktoba 2025, katika mji wa Praia, timu ya Taifa ya Visiwa vya Cape Verde iliifunga Eswatini mabao 3 kwa bila, na kwa ushindi huo ikajipatia nafasi ya kucheza fainali za Kombe la Dunia za 2026. Nchi hiyo ina watu karibu nusu milioni tu, yaani hawafiki theluthi moja ya watu waliohesabiwa Zanzibar katika sensa ya 2022. Katika kundi lake iliiacha nyuma Kameruni, nchi ambayo imekwisha kucheza fainali hizo mara 8.

Habari hizi zimeelezwa kwa namna mbili, na kwa maoni yetu zote mbili zina upungufu. Wako wanaosema kwamba ni bahati, kwa kuwa mpira unadunda. Hao wanasahau kazi. Wako pia wanaosema kwamba ile si timu ya Taifa hasa bali ni timu ya kuokoteza, kwa sababu wachezaji wake wengi wamezaliwa Ulaya. Hao wanasahau historia, na kosa lao ndilo kubwa zaidi, maana ndani yake limefichwa swali ambalo kila kada hana budi kuwa na jibu lake: Taifa ni nani? Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba swali hilo ndilo lililoijenga timu ya Cape Verde, na kwamba lilianza kuulizwa katika uwanja wa mpira zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Visiwa Vilivyogeuzwa Ghala la Nguvukazi

Cape Verde ni visiwa 10, na 9 kati yake vinakaliwa na watu. Viko baharini, kiasi cha kilomita 570 kutoka pwani ya Senegal. Wareno walipofika katika karne ya 15 hawakukuta wenyeji. Walileta watumwa kutoka pwani ya Guinea, wakavifanya visiwa hivyo kituo cha biashara ya watu. Kwa hiyo wananchi wa Cape Verde ni umma uliozaliwa ndani ya biashara ya binadamu, na lugha yao, Kikrioli, ilizaliwa humo humo.

Mvua huko ni haba. Lakini hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Ukame ni jambo la maumbile. Kufa kwa njaa ni jambo la siasa. Katika njaa za 1941 hadi 1943, na tena za 1947 hadi 1948, makumi ya maelfu ya watu walikufa chini ya serikali iliyokuwa na meli, bandari na maghala. Mkoloni hakushindwa kuwafikia. Meli zilikuwapo za kuwachukua wenye njaa kwa mkataba kwenda kufanya kazi katika mashamba ya kakao ya São Tomé. Njaa ikawa mnyapara wa kuandikisha vibarua.

Njia nyingine za kuondoka zilikuwa za zamani zaidi. Katika karne ya 19 vijana wa visiwa vya Brava na Fogo walichukuliwa na meli za kuvua nyangumi hadi New Bedford, Marekani. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1960, wengine walikwenda kujenga Lisbon, kufanya kazi katika meli na bandari ya Rotterdam, na kutafuta riziki Paris. Watu wenye asili ya Cape Verde walioko nje huhesabiwa kuwa wengi kuliko walioko nyumbani. Kada asiyeujua ukweli huu hawezi kuielewa timu yao ya mpira.

Klabu ya Mwaka 1954

Amílcar Cabral alizaliwa Bafatá, Guinea, mwaka 1924, akakulia Cape Verde. Aliiona njaa kwa macho yake akiwa kijana, kisha akasomea kilimo mjini Lisbon. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alirudi Guinea kufanya kazi ya utaalamu wa kilimo. Mwaka 1954, mjini Bissau, yeye na wenzake walijaribu kuunda klabu ya michezo na utamaduni.

Kwa nini klabu? Kwa sababu chama cha siasa kilikuwa hakiruhusiwi, na mpira ulikuwa njia ya kuwakusanya vijana mahali pamoja. Serikali ya kikoloni iliikataa. Katiba ya klabu iliruhusu wanachama ambao hawakuwa na kitambulisho. Sheria ya Wareno katika Guinea iliwagawa Waafrika: wachache waliitwa waliostaarabika, nao walikuwa na kitambulisho, umma mzima uliobaki uliitwa wenyeji, nao hawakuwa na haki za raia. Klabu iliyowaweka wote katika timu moja ilikuwa imekwisha kuibomoa sheria hiyo kabla mpira haujapigwa. Mkoloni alielewa vizuri kilichokuwa kinaundwa.

Mgawanyiko huo ulikuwa na upande wa pili. Watu wa Cape Verde hawakuwekwa chini ya sheria ya wenyeji, na baadhi yao walitumiwa na Wareno kuwa makarani na maofisa wadogo katika Guinea. Hapo ndipo mkoloni alipopanda mbegu ya chuki kati ya ndugu. PAIGC, chama ambacho mwanzo wake huhesabiwa tangu 1956, kilipigania uhuru wa nchi zote mbili kwa pamoja ili kuing'oa mbegu hiyo. Oktoba 1965 vyama vya ukombozi vya makoloni ya Ureno vilikutana Dar es Salaam, na Cabral alihutubia mkutano huo. Aliuawa Conakry tarehe 20 Januari 1973. Guinea-Bissau ilijitangazia uhuru mwaka huo huo, na Cape Verde ikawa huru tarehe 5 Julai 1975.

Umoja wa nchi hizo mbili haukudumu. Mapinduzi ya Bissau ya Novemba 1980 yaliuvunja, na mbegu ya mkoloni ilikuwa miongoni mwa sababu. Lakini mwaka 1979 lilikuwa limeanzishwa Kombe la Amílcar Cabral kwa nchi za Afrika Magharibi, nalo liliendelea baada ya umoja wa kisiasa kuvunjika. Mwaka 2000 Cape Verde ililitwaa kombe hilo nyumbani kwake. Jina la mtu aliyekatazwa kuunda klabu likawa jina la kombe.

Mali Ghafi na Binadamu

Chama cha mpira cha Cape Verde kiliundwa mwaka 1982 na kuingia FIFA mwaka 1986. Kwa miaka mingi timu hiyo haikuvuma. Wakati huo huo watoto wa asili ya Cape Verde walikuwa wakivuma katika timu za wengine. Patrick Vieira, aliyezaliwa Dakar na ambaye ukoo wa mama yake una asili ya Cape Verde, alitwaa Kombe la Dunia pamoja na Ufaransa mwaka 1998. Henrik Larsson, ambaye baba yake ni mtu wa Cape Verde, aliichezea Uswidi. Gelson Fernandes alizaliwa Praia penyewe, na tarehe 16 Juni 2010 alifunga bao lililoipa Uswisi ushindi dhidi ya Uhispania katika Kombe la Dunia.

Ukitazama juu juu utasema kwamba huu ni mtindo ule ule wa uchumi wa kikoloni: mali ghafi inatoka kwetu, inasindikwa kwao, na faida inabaki kwao. Ni kweli, lakini si kweli yote. Gunia la kakao halikumbuki shamba lilikotoka, binadamu hukumbuka. Katika nyumba za Rotterdam na vitongoji vya Lisbon lugha ya Kikrioli ilizungumzwa na habari za visiwani zikaulizwa. Kumbukumbu hiyo ilikuwa nguvu iliyolala. Ilihitaji kuamshwa, na kuamsha watu ni kazi ya kujipanga.

Mwaka 2004 FIFA ililegeza sheria zake, na mwaka 2009 ikaondoa kikomo cha umri, hivyo mchezaji aliyekwisha kuichezea timu ya vijana ya nchi moja akaweza kuhamia nchi nyingine aliyo na haki nayo. Sheria hiyo ilikuwa ya wote, lakini si nchi zote zilizoitumia sawasawa. Cape Verde ilitafuta watu wake mmoja mmoja. Roberto Lopes alizaliwa Dublin, baba yake akiwa mtu wa Cape Verde na mama yake Mwailandi. Kocha Rui Águas alimwandikia kwa njia ya mtandao, kwa Kireno, lugha ambayo Lopes hakuijua, na ujumbe ukakaa bila kujibiwa. Kocha hakukata tamaa, akaandika tena kwa Kiingereza. Mwaka 2019 Lopes alivaa jezi ya Taifa, akawa nguzo ya ulinzi. Kazi ya kuandikisha wanachama haina siri nyingine: ni kubisha hodi mara ya pili.

Ushindi, na Gharama ya Uzembe

Mwaka 2012 Cape Verde iliitoa Kameruni, ikaingia kwa mara ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2013 na kufika robo fainali. Kocha wake, Lúcio Antunes, kazi yake ya kila siku ilikuwa kuongoza ndege.

Mwaka huo huo ulileta funzo chungu. Tarehe 7 Septemba 2013 timu hiyo iliifunga Tunisia ugenini mabao 2 kwa bila, ushindi ambao uliipa uongozi wa kundi katika safari ya kwenda Kombe la Dunia. Lakini ilikuwa imemchezesha Fernando Varela, ambaye alikuwa na adhabu ya kutocheza. FIFA iliipa Tunisia ushindi, na Cape Verde ikatoka. Kadi hiyo nyekundu aliipata Machi katika mchezo na Guinea ya Ikweta, ambao Cape Verde ilipewa ushindi mezani kwa sababu wenzao nao walimchezesha mtu asiyestahili. Waliofaidika na uzembe wa karatasi wa wengine waliangamizwa na uzembe wa karatasi wa kwao. Ushujaa wa wachezaji 11 ulifutwa ofisini.

Sisi wa Tanzania nasi tuna ukurasa wetu katika historia hii. Oktoba 2018 Taifa Stars ilifungwa Praia mabao 3 kwa bila, na siku 4 baadaye ikalipiza Dar es Salaam kwa mabao 2 kwa bila. Machi 2019 Cape Verde ilishindwa kuifunga Lesotho nyumbani, nasi tukaifunga Uganda 3 kwa bila na kwenda fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Wenzetu walibaki nje, lakini hawakuvunja kikosi wala kutafuta wachawi. Mwaka 2020 walimkabidhi timu Bubista, mzaliwa wa visiwa hivyo na nahodha wa zamani. Katika fainali za Afrika zilizochezwa mwanzoni mwa 2024 walifika robo fainali, wakatolewa na Afrika ya Kusini kwa mikwaju ya penalti tu. Juni 2024 walifungwa na Kameruni mabao 4 kwa 1. Septemba 2025 wakaishinda 1 kwa bila, na mwezi uliofuata ukaja ushindi wa Eswatini.

Mgongano Ambao Haujakwisha

Tuyatazame mabao yale 3. La kwanza lilifungwa na Dailon Livramento, mzaliwa wa Rotterdam. La pili na Willy Semedo, mzaliwa wa Ufaransa. La tatu na Stopira, mzaliwa wa Praia, akiwa na umri wa miaka 37. Njia zote za kuondoka visiwani na njia ya waliobaki zilikutana katika goli moja.

Hata hivyo hatupaswi kulewa ushindi. Ni kweli kwamba Afrika ilipewa nafasi 9 za moja kwa moja badala ya 5 za zamani. Ingawa Cape Verde iliongoza kundi lake, mlango ulikuwa umepanuliwa. Ni kweli pia kwamba Uwanja wa Taifa uliofunguliwa mwaka 2014 ulijengwa kwa msaada wa China. Jambo zito zaidi ni kwamba klabu za nyumbani, zinazoshindana kwanza kisiwa kwa kisiwa kabla ya mabingwa kukutana, kwa sehemu kubwa ni za ridhaa. Mchezaji bado anaivishwa Ulaya.

Je, huu ni utegemezi? Jibu letu ni kwamba mtegemezi ni yule ambaye uamuzi wake unafanyika kwa mwingine. Hapa uamuzi wa nani aitwe, acheze vipi na chini ya nani umerudi nyumbani, lakini kiwanda bado kiko nje. Ushindi wa namna hii ni nusu ya ushindi. Nusu ya pili itapatikana siku kijana wa Fogo atakapoweza kufikia kiwango cha kijana wa Rotterdam bila kuvuka bahari.

Hitimisho

Mafunzo ni matatu. Kwanza, udogo wa nchi si hukumu. Nchi ndogo iliyojihesabu vizuri huishinda kubwa iliyojisahau. Pili, hamasa bila utaratibu ni sawa na maji katika tenga. Karatasi moja isiyosomwa huweza kupoteza kazi ya kizazi. Tatu, Taifa si orodha ya mahali watu walipozaliwa. Ni watu waliounganishwa na historia moja na wanaokubali kubeba mzigo mmoja. Waliofukuzwa na njaa hawakuacha kuwa wananchi kwa sababu ya kufukuzwa.

Mwaka 1954 mkoloni aliikataa klabu ya Bissau kwa sababu ya kifungu kilichomfungulia mlango mtu asiye na kitambulisho. Kada anayetaka kupima kama fikra za mkoloni zimeondoka pamoja naye asianze mbali. Asome katiba ya klabu ya mpira ya mtaani kwake, aone ni nani anayeachwa nje, kisha aulize ni nani aliyeandika kifungu hicho na kwa faida ya nani.