Mita Mia Nne: Mipango ya Muda Mrefu ya Serikali, Vipimo vya Maendeleo na Maji ya Mlima Meru, Moshono, Arusha, 1964–2025

1. Utangulizi

Historia ya mipango ya maendeleo nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kama historia ya itikadi. Husimuliwa jinsi mpango wa kwanza wa miaka mitano ulivyofuatwa na Azimio la Arusha, Azimio likafuatwa na marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980, na marekebisho hayo yakazaa dira za taifa. Makala hii inafuata njia nyingine. Inachunguza vipimo vilivyowekwa ndani ya mipango hiyo: vilipatikanaje, vilipima nini, na vilibaki vilevile au la hadi siku ya kufanya hesabu.

Hoja kuu ni kwamba mpango wa muda mrefu hauwezi kuhukumiwa kwa haki iwapo kipimo chake kinabadilishwa njiani bila kuachwa kumbukumbu inayounganisha kipimo cha zamani na kipya. Sekta ya maji imechaguliwa kwa kuwa ndiyo iliyopewa shabaha iliyo wazi kuliko nyingine nyingi: maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka kila kaya. Mahali palipochaguliwa ni Moshono, makazi ya Waarusha yaliyo upande wa mashariki wa mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru. Moshono ni mfano unaofaa kwa sababu mbili. Kwanza, iko katika ukanda wa mlima ambamo ubora wa maji ni tatizo la asili. Pili, ni miongoni mwa maeneo yaliyohama kutoka hesabu ya vijijini kwenda hesabu ya mjini bila wakazi wake kuhama.

2. Vigezo vya mwaka 1964

Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, uliowasilishwa Bungeni na Rais Julius Nyerere mwezi Mei 1964, haukuishia mwaka 1969. Ulikuwa sehemu ya mtazamo wa hadi mwaka 1980, wenye shabaha kuu tatu: kuongeza wastani wa pato la mtu kutoka takriban pauni 20 hadi pauni 45 kwa mwaka, kujitosheleza kwa wataalamu wazalendo, na kuongeza umri wa kuishi kutoka miaka kati ya 35 na 40 hadi kufikia miaka 50.

Shabaha ya tatu inastahili kuangaliwa kwa makini. Kipimo chake kilikuwa kimoja, kilieleweka na raia yeyote, na kilipimwa kwa chombo ambacho hakikuwa mali ya mpango wenyewe, yaani sensa ya watu. Sensa ya 1978 ilikadiria umri wa kuishi kuwa miaka 44. Miaka 50 ilikaribiwa katika sensa ya 1988. Kwa hiyo mwanahistoria anaweza kusema bila kigugumizi kwamba shabaha haikufikiwa kwa wakati, na kwamba ilichelewa kwa takriban muongo mmoja. Jibu hilo si la kupendeza, lakini ni jibu. Linawezekana kwa sababu swali lililoulizwa mwaka 1988 lilikuwa lilelile lililoulizwa mwaka 1964.

3. Mpango wa maji wa miaka ishirini

Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa maji vijijini wa miaka ishirini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi na ya kutosha ndani ya umbali wa mita 400. Kipimo hicho kilikuwa na nguvu ya kisiasa, kwa kuwa kilitaja mzigo halisi uliobebwa hasa na wanawake na watoto, nacho ni mwendo kati ya nyumba na kisima. Aidha, kilioana na sera ya vijiji. Watu walipotakiwa kuishi pamoja katika vijiji kufikia mwaka 1976, umbali wa bomba uliweza kupangwa kwenye ramani.

Katika miteremko ya Meru hali ilikuwa tofauti na ile ya nyanda kavu. Wameru na Waarusha walikuwa wakiishi kwa msongamano katika mashamba ya migomba na kahawa, wakitumia mito, chemchemi na mifereji waliyoichimba wenyewe kwa vizazi kadhaa. Huko, uanzishaji wa vijiji ulihusu zaidi kuweka mipaka na kuandikisha makazi yaliyokuwapo kuliko kuhamisha watu. Umbali haukuwa daima ndilo tatizo kubwa. Kwa wengi maji yalikuwa karibu. Swali lilikuwa ni maji ya namna gani.

Utekelezaji wa mpango ulitegemea sana wafadhili. Nchi ambayo Azimio lake la mwaka 1967, lililotangazwa baada ya kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU mjini Arusha, lilionya dhidi ya kutegemea fedha za nje, iligawa mikoa yake kwa mataifa rafiki ili yasaidie kuandaa mipango kabambe ya maji. Ufini ilishughulikia Mtwara na Lindi, Denmark ikachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma, Uholanzi ikawa Morogoro na Shinyanga, na Sweden ikasaidia mikoa ya Ziwa. Katika mipango jumuishi ya mikoa, Arusha iliangukia kwa Marekani, ambayo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ilifadhili mradi wa mipango na maendeleo ya vijiji katika wilaya za Arumeru, Hanang na Mbulu. Mgawanyo huo ulileta mabomba na wataalamu, lakini pia uligawanya mikono iliyofanya hesabu. Shabaha ilikuwa ya taifa; upimaji ulifuata mikoa na wafadhili.

Mwaka 1991 ulipofika, chini ya nusu ya wakazi wa vijijini ndio waliohesabiwa kuwa wamefikiwa. Mwaka huohuo ilitolewa Sera ya Maji iliyobakiza mita 400 na kuusogeza mwisho hadi mwaka 2002. Ulipofika mwaka 2002, ilitolewa sera mpya. Nayo ilibakiza mita 400, ikafafanua kwamba kila mtu apate lita 25 kwa siku na kwamba kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250.

4. Jambo ambalo umbali haukupima

Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyeyusha floraidi katika maji ya chini ya ardhi. Kiasi chake hutofautiana sana kati ya chemchemi moja na nyingine, na kwa ujumla huongezeka maji yanaposhuka kutoka ukanda wa msitu. Katika mito kama Engare Nanyuki na Maji ya Chai, kiwango huzidi miligramu 10 kwa lita. Floraidi nyingi huharibu meno ya watoto wakati yanapojengeka, yakaota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyoondoka, na kwa miaka mingi ya matumizi hupinda mifupa. Jambo hili lilijulikana kwa wakazi kabla ya kuingia kwenye majedwali ya wizara, kwani meno ya kahawia yamekuwa alama ya kumtambua mtu wa Arusha popote aendapo nchini.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, katika viwango vyake vya muda vya mwaka 1974 kwa maji ya vijijini, iliweka kikomo cha miligramu 8. Uamuzi huo haukutokana na kutojua. Kama kikomo cha chini kingefuatwa, vyanzo vingi vya Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga vingepaswa kufungwa, na watu wangerudi kwenye madimbwi yenye vijidudu. Wataalamu walichagua dhara linalokuja polepole badala ya lile linaloua haraka, na neno "muda" katika jina la viwango hivyo lilikuwa ahadi kwamba uchaguzi huo ungepitiwa upya. Kikomo kilishushwa baadaye hadi miligramu 4, na hatimaye hadi 1.5. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilianzishwa ili kutafuta njia za kuondoa floraidi, ikiwemo kuchuja maji kwa chenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa.

Athari ya mabadiliko hayo kwa hesabu za taifa huonekana kwa mfano mmoja. Tuseme kaya yenye bomba umbali wa mita 300, ambalo maji yake yana miligramu 6 za floraidi kwa lita. Kwa kipimo cha umbali, kaya hiyo imefikiwa tangu siku bomba lilipowekwa. Kwa kikomo cha 1974, maji yake ni salama. Kwa kikomo cha miligramu 4, si salama. Kwa kikomo cha 1.5, yana floraidi mara nne ya kiasi kinachoruhusiwa. Bomba ni lilelile, maji ni yaleyale, na mtoto anayekunywa ni yuleyule. Kilichobadilika ni rejista. Iwapo takwimu za miaka ya 1980 hazikurekebishwa kwa kikomo kipya, kaya hiyo hubaki ikihesabiwa upande wa mafanikio.

5. Kutoka mita hadi dakika, kutoka kijiji hadi jiji

Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini (MKUKUTA), ulioanza mwaka 2005, uliweka shabaha ya kuongeza wakazi wa vijijini wanaopata maji safi na salama kutoka asilimia 53 mwaka 2003 hadi asilimia 65 mwaka 2009/10. Safari hii kipimo kilikuwa muda wa kuchota maji usiozidi dakika 30. Kipimo cha muda kina ubora wake, kwani huhesabu foleni, jambo ambalo mita hazioni. Hata hivyo, kaya iliyo mita 700 kutoka bombani ambako hakuna foleni huingia katika hesabu ya dakika 30 ingawa ilikuwa nje ya hesabu ya mita 400. Kwa hiyo asilimia za vipindi hivi viwili haziwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja wa kupanda bila maelezo.

Moshono inaongeza ugumu wa tatu, ambao ni mpaka. Katika sensa ya 2002 kata hii ilihesabiwa chini ya Wilaya ya Arumeru. Katika sensa ya 2012 ilihesabiwa ndani ya Jiji la Arusha. Shabaha za maji kwa mwaka 2025 ni asilimia 85 kwa vijijini na asilimia 95 kwa mijini. Kata inapohamishwa, huondoka na mapungufu na mafanikio yake kutoka safu moja na kuyaingiza katika nyingine. Wilaya iliyoiacha inaweza kupanda au kushuka bila bomba hata moja kujengwa, na jiji lililoipokea hali kadhalika.

Ndani ya jiji, kipimo kilichotajwa zaidi katika miaka ya karibuni kimekuwa cha uzalishaji. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha wa takriban shilingi bilioni 520, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi lita milioni 200 kwa siku, pamoja na kupunguza tatizo la floraidi. Mradi huo ni hatua kubwa. Hata hivyo, uwezo wa mitambo ni swali tofauti na lile la mwaka 1971. Lita milioni 200 hueleza kinachoweza kutoka kwenye visima. Hazielezi saa ngapi kwa siku bomba la mtaa fulani wa Moshono hutoa maji, wala yana floraidi kiasi gani.

6. Dira za taifa na tabia ileile

Mwenendo huu hauko katika sekta ya maji peke yake. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 ilikusudia kuifikisha nchi katika kipato cha kati, na Mpango Elekezi wa miaka 15 kuanzia 2011/12 ukalipa lengo hilo tarakimu: dola 3,000 kwa mtu. Mwezi Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, kwa pato la dola 1,080 dhidi ya mpaka wa dola 1,036. Ilitangazwa kwamba lengo limefikiwa kabla ya wakati. Kwa jina la kundi, ilikuwa kweli. Kwa tarakimu ya Mpango Elekezi, nchi ilikuwa na takriban theluthi moja tu. Kauli zote mbili zina ushahidi, na ndiyo sababu raia hawezi kuamua kati yake bila kwanza kuambiwa ni kipimo kipi kilichokubaliwa mwanzoni.

Dira ya 2050, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 17 Julai 2025, inataja pato la dola 7,000 kwa mtu na uchumi wa dola trilioni moja. Ni shabaha za robo karne, muda unaozidi ule wa mpango wa maji wa 1971.

7. Hitimisho

Uchunguzi huu hauonyeshi kwamba kubadilisha kipimo ni udanganyifu. Kikomo cha floraidi kilipaswa kubadilika, na kipimo cha dakika kilijaza pengo la kipimo cha mita. Kasoro ni ya kumbukumbu: kipimo kipya kilipoingia, takwimu za zamani hazikukokotolewa upya ili zisomeke pamoja na mpya, na maeneo yaliyohama mipaka hayakufuatiliwa kama maeneo. Umri wa kuishi, uliopimwa kwa sensa, uliiwezesha nchi kujua imechelewa kiasi gani. Mita 400, ambazo awali zilikuwa wazi kuliko umri huo, ziliishia kutoa majibu kadhaa yasiyolinganishika.

Gharama ya kasoro hiyo haiwaangukii wapangaji. Mtoto aliyezaliwa chini ya Mlima Meru mwaka 1974 alikuwa na umri wa miaka 17 mpango wa miaka ishirini ulipomalizika, na meno yake yalikuwa yamekwisha kujengeka kwa maji aliyoyanywa. Kwake, kusogezwa kwa mwisho hadi 2002, na kisha 2025, hakukuwa na maana yoyote. Kwa hiyo tathmini ya Dira ya 2050 katika kata kama Moshono itahitaji mambo matatu kuandikwa tangu mwanzo na kutunzwa: kipimo kilichotumika siku ya kwanza, mipaka ya eneo lililopimwa, na hali ya maji yenyewe kwa chanzo, si kwa wastani wa mkoa. Bila hayo, mwaka 2050 utakuwa na takwimu nyingi, lakini hautakuwa na jibu.