Mchezo wa vitendawili

Mchezo wa vitendawili ni mchezo wa maneno unaochezwa na watu wawili au zaidi, ambapo mmoja hutoa fumbo fupi na wengine hushindana kulifumbua kwa haraka. Huchezwa kote katika upwa wa Waswahili na katika jamii nyingi za bara la Afrika Mashariki. Makala hii inaeleza hasa namna unavyochezwa Unguja, pamoja na mitaa ya Ng'ambo, yaani sehemu ya Jiji la Zanzibar iliyo mashariki ya Mji Mkongwe.

Katika fasihi simulizi, kitendawili huwekwa kwenye kundi la semi pamoja na methali, nahau na misemo. Hata hivyo kinatofautiana na methali kwa jambo moja kubwa: methali husemwa katikati ya mazungumzo yoyote, lakini kitendawili kinahitaji mchezo wenye utaratibu na watu waliokubali kuucheza.

Maneno ya mchezo

Lugha ya mchezo imetokana na uwindaji. Anayetoa fumbo hutega, kama mtu anayetega mtego, naye huitwa mtegaji. Anayepata jibu hutegua, yaani huufyatua mtego bila ya kunaswa. Walioshindwa ndio walionaswa, nao hujikomboa kwa kutoa mji.

Mji katika mchezo huu ni malipo ya maneno tu. Wachezaji humtajia mtegaji jina la mahali, naye huwa ndiye mwenye mahali hapo mpaka fumbo linapofunguliwa. Si lazima pawe mji mkubwa. Kijiji, mtaa au kisiwa pia hukubaliwa, mradi mtegaji aridhike.

Utaratibu

Mchezo hauhitaji kifaa chochote. Watu hukaa barazani, ukumbini au uani, kwa kawaida usiku baada ya chakula. Watoto hucheza wenyewe kwa wenyewe, au pamoja na bibi, babu na watu wazima wengine wa nyumbani. Hatua zake ni hizi:

1. Mtegaji huita: "Kitendawili!"
2. Wengine huitikia kwa pamoja: "Tega!" Bila ya itikio hili fumbo halitolewi.
3. Mtegaji hulitaja fumbo, mara nyingi kwa sentensi moja.
4. Wachezaji hutoa majibu upesi upesi, na mtegaji hukubali au hukataa kila jibu.
5. Anayepata jibu hupata nafasi ya kutega. Baadhi ya makundi humwachia yeyote atakayewahi kuita "Kitendawili!"
6. Majibu yakiisha, mtegaji husema: "Nipeni mji."
7. Wachezaji hutaja mji. Mtegaji anaweza kuukataa kwa kusema ni mdogo au hauna kitu, nao hulazimika kutaja mwingine.
8. Akiridhika, mtegaji husimulia kidogo safari yake ya kwenda katika mji huo, kisha hutoa jibu.

Kasi ni sehemu ya mchezo. Mtegaji hodari hawapi wenzake muda mrefu wa kufikiri, naye akitegua mwenzake huingia na fumbo jipya papo hapo. Makundi mawili yanaposhindana, hesabu huweza kuwekwa kwa miji: kundi lililokusanya miji mingi ndilo lililoshinda.

Mfano wa duru moja

Mtegaji: Kitendawili!
Wengine: Tega!
Mtegaji: Kuku wangu katagia miibani.
Mchezaji wa kwanza: Ndimu!
Mtegaji: Siyo.
Mchezaji wa pili: Nungunungu!
Mtegaji: Siyo. Nipeni mji.
Wengine: Chukua Uroa.
Mtegaji: Uroa kuna nini? Nipeni mwingine.
Wengine: Basi chukua Makunduchi.
Mtegaji: Haya. Nimekwenda Makunduchi, nimepokewa vizuri, nimekula wali na pweza mpaka nimeshiba. Wenyeji wakaniuliza, "Hao wenzako wa Ng'ambo kila siku wanapita sokoni, hawajaliona nanasi?"

Jibu ni nanasi, kwa kuwa tunda hilo hukaa katikati ya majani yenye miiba kama kuku aliyeatamia. Umbo "katagia" badala ya "ametagia" ni la mazungumzo ya kawaida ya Unguja. Masimulizi ya safari hayana maneno maalumu. Kila mtegaji hutunga yake, na kazi yake ni kuwatania walioshindwa na kuchelewesha jibu kidogo.

Namna fumbo linavyojengwa

Vitendawili vingi hujengwa kwa kulinganisha vitu viwili vinavyofanana kwa umbo, tabia au mahali vilipo. Mara nyingi huanza na kitu kinachodaiwa kuwa cha mtegaji, kama "nyumba yangu" au "kuku wangu". Mifano inayojulikana sana ni:

- Nyumba yangu haina mlango. (Yai)
- Popoo mbili zavuka mto. (Macho)
- Mzee Kombe akilia watu hufurahi. (Mvua)
- Mzazi ana miguu, mzaliwa hana. (Kuku na yai)
- Kaingia shimoni uchi, katoka kavaa nguo. (Mbegu)

Sarufi yenyewe huweza kuwa msaada kwa anayetegua. Katika fumbo la popoo, wapo wanaosikia "popo", yule mnyama arukaye usiku. Lakini popo angekuwa na upatanisho wa viumbe hai: "popo wawili wavuka mto". Maneno "mbili" na "zavuka" yanaonyesha kwamba kinachotajwa ni popoo, ile kokwa ngumu ya mviringo inayotafunwa pamoja na tambuu na chokaa. Mchezaji anayesikiliza viambishi hukaribia jibu kuliko anayesikiliza neno kuu peke yake. Popoo mbili ni mboni mbili: macho hufika ng'ambo ya mto wakati mwenyewe bado amesimama ukingoni.

Nani mwenye jibu

Ugumu mkubwa wa mchezo si kufikiri peke yake. Kitendawili kina jibu lililokubaliwa na jamii, na jibu jingine lenye mantiki huweza kukataliwa. Katika mfano uliotangulia, mndimu una miiba na matunda yake ni ya mviringo kama mayai, hivyo aliyejibu "ndimu" hakukosea kwa akili. Alikosea kwa sababu desturi imekwisha kuamua kwamba jibu ni nanasi.

Kwa hiyo mchezo hupima mambo mawili kwa pamoja: uwezo wa kuona mfanano, na kiasi mtu alivyokaa na watu na kuwasikiliza. Mgeni hodari huweza kushindwa na mtoto wa nyumba hiyo.

Jambo hili lina uzito katika mahali kama Ng'ambo. Jina lake lina maana ya upande wa pili, yaani upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga na Mji Mkongwe kabla ya kufukiwa. Wakazi wake walitoka sehemu nyingi: mashamba ya Unguja, Pemba, Mrima na bara, Ngazija na Hadhramaut, wakiwamo watu wengi waliotoka utumwani na vizazi vyao. Penye watu wa asili mbalimbali, fumbo moja huweza kuwa na majibu mawili, kila moja likiwa sahihi kwao lilikotoka. Hapo mchezo hugeuka ubishi, na mara nyingi mtu mzima aliyepo ndiye huulizwa. Wachezaji wanaweza kukubali majibu yote mawili au kulifuta fumbo na kutega jingine.

Mji unaotolewa pia hubeba kumbukumbu hizo. Katika baraza moja mtu anaweza kutoa Bumbwini, mwingine Wete, mwingine Mombasa au Lamu, na mtegaji hulazimika kusema jambo moja au mawili kuhusu mahali hapo. Mtoto hujifunza majina ya miji kabla ya kuiona kwenye ramani.

Kuandikwa kwa vitendawili

Miongoni mwa waliotangulia kuchapisha vitendawili vya Unguja ni Edward Steere, mmisionari Mwingereza ambaye baadaye alikuwa askofu huko Zanzibar. Kitabu chake cha hadithi alizozikusanya Unguja, Swahili Tales, kilitoka mwaka 1870. Mwaka 1958 Shaaban Saleh Farsi wa Zanzibar alichapisha Swahili Sayings from Zanzibar katika vitabu viwili: cha kwanza kinahusu methali, na cha pili kinahusu vitendawili na imani za watu.

Siku hizi vitendawili hufundishwa shuleni katika somo la Kiswahili kama sehemu ya fasihi simulizi. Uandishi umevihifadhi vingi ambavyo vingeweza kupotea, lakini pia umeibadili kanuni ya jibu. Barazani jibu hubishaniwa na waliopo, ilhali katika orodha iliyochapishwa kila fumbo huwekewa jibu moja, na sehemu ya mji haionekani kabisa. Anayevijua vitendawili kwa kusoma orodha huenda akajua majibu mia bila ya kuwahi kuombwa mji.

Mchezo unaofanana: kinyume

Mchezo mwingine wa maneno uliojulikana Unguja ni kinyume. Silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzo, na mazungumzo yote huendelea hivyo. "Nataka maji" huwa "kanata jima", na "kitabu" huwa "bukita". Steere alitoa mifano ya kinyume katika kiambatisho cha kitabu chake cha sarufi, A Handbook of the Swahili Language as Spoken at Zanzibar.

Kinyume hutumika kusemezana mbele ya watu bila ya wao kuelewa, na pia kushindana nani atasema upesi bila ya kukwama. Tofauti yake na kitendawili ni kwamba kinyume kina kanuni moja, na aliyeijua kanuni hiyo anaweza kufumbua neno lolote. Kitendawili hakina kanuni ya namna hiyo; kila fumbo hutaka kuteguliwa kivyake, na asiyeweza hutoa mji.