Kisima na Msala: Habari ya Uashi wa Pwani ya Kusini

Waashi wa kale wa pwani yetu, kabla ya kuinua ukuta wa nyumba ya mawe, waliyafikiria kwanza mambo mawili ambayo wajenzi wa leo aghalabu huyaacha mwisho: kisima kiwe wapi, na msala uwe wapi. Anayezuru Msikiti wa Kongo huko Diani, penye mibuyu, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, huiona kazi ya mafundi waliochoma matumbawe katika tanuu wakapata chokaa ya kujengea kuta na kukandikia mabirika. Kwani tohara kwao ilikuwa sharti la ibada, na maji yaliyoingiwa na najisi hayakufaa kwa udhu. Na upande wa kaskazini wa pwani, magofu ya Gedi, ambayo mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yanashuhudia kuwa nyumba za mji huo zilikuwa na vyoo vya shimo ndani.

Hadhari hiyo iliamrishwa na ardhi yenyewe. Ukanda wa ufuoni ni mwamba wa matumbawe wenye mianya tele, ambamo maji taka huzama upesi bila kuchujika, yakaenda kuyakuta ya kisimani. Bali nyuma yake, kuelekea vilima vya Shimba, ni mchanga, ambao huyachelewesha maji na kuyasafisha. Mwaka 1983, ulipoanza katika eneo hilo la Kwale mradi wa pampu za mkono chini ya Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, ndiko ilikojaribiwa pampu ya Afridev iliyoenea Afrika, na akina mama wakafundishwa kuifungua na kubadili vipuri wenyewe, ikadhihirika kuwa maji safi hudumu yakiwa amana ya wanaoyanywa.

Lakini hoteli na majumba yalipoongezeka, amana hiyo ilisahauliwa viwanjani. Nimeona kwa macho yangu, kwenye ujenzi mmoja Diani, kibarua akichota maji kwa kopo na kupotelea nyuma ya rundo la mawe, hatua chache kutoka kisima kilichokuwa kikikorogea zege asubuhi na kunyweshea watu adhuhuri. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke vyoo, ila juu ya mwamba huu shimo tupu halitoshi: yafaa tangi lisilovuja, lenye vyumba viwili, mashapo yatuame katika cha kwanza na maji yapite katika cha pili, kisha yapelekwe kwenye bustani ya matete, na maji ya kuoshea mapipa ya saruji yatuamishwe, yakoroge zege tena.

Vibarua watahama, na jengo litapata wenyewe. Bali kilichozama mwambani hakihami nao. Kwa hiyo jiwe la kwanza la jengo la pwani na liwe la msala.