Kumwacha Mungu kwa Ajili ya Mungu: Sala na Maskini wa Paris

Agosti 1617, Vincent de Paul alikuwa paroko wa Châtillon, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa. Jumapili moja, kabla ya Misa, aliarifiwa kwamba katika nyumba moja ya parokia yake wote walikuwa wagonjwa, hakuna wa kumuuguza mwenzake. Akawaeleza waumini katika mahubiri. Alasiri alipokwenda kuwatazama, alikuta wanawake wengi njiani, wakienda na kurudi na vyakula. Moyo wao ulimgusa, lakini akaona upungufu: chakula kilicholetwa chote kwa siku moja kitaharibika, na baada ya siku chache wagonjwa watalala na njaa.

Mwaka huohuo aliunda udugu wa wanawake wa kuwahudumia wagonjwa kwa zamu, akauandikia kanuni. Mhudumu akifika amsalimie mgonjwa kwa uchangamfu, amwekee sinia kitandani, atandike kitambaa, apange bakuli, kijiko na mkate, amnawishe mikono, asali sala ya chakula, kisha amkatie nyama. Aanze na wagonjwa wenye watu wa kuwaangalia, amalizie na aliye peke yake, ili apate kukaa naye zaidi. Katika kanuni hii sala ina nafasi yake kati ya kunawa na kula, wala haiwezi kuchomolewa hapo.

Kazi hiyo ilipofika Paris, ilikutana na mtihani mkubwa zaidi. Mabibi wa nyumba za kitajiri walijiunga nayo, lakini baadhi yao waliwatuma watumishi kwenda vitandani mwa wagonjwa. Aliyeonyesha njia ni Marguerite Naseau, mchunga ng'ombe wa Suresnes aliyejifundisha kusoma, akaja jijini kuwahudumia maskini kwa mikono yake. Alikufa mwaka 1633, baada ya kumlaza kitandani mwake mwanamke mwenye tauni. Tarehe 29 Novemba mwaka huo, mjane Louise de Marillac aliwakusanya nyumbani kwake wasichana wengine wa aina ya Marguerite. Ndio mwanzo wa shirika la Mabinti wa Upendo.

Zama hizo mtawa wa kike alitakiwa kuishi ndani ya kuta za monasteri. Vincent aliwaambia mabinti hawa kwamba ua wao ni mitaa ya jiji na kanisa lao ni la parokia. Waliamka saa kumi alfajiri kusali. Hata hivyo, aliyeitwa na mgonjwa katikati ya sala aliagizwa aende bila kusita, kwa kuwa huko ni kumwacha Mungu kwa ajili ya Mungu. Kwa moyo huo walianza kuwalea watoto waliotupwa mwaka 1638, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Fronde, kati ya 1648 na 1653, waliwapikia supu maelfu ya wenye njaa.

Mapokeo hayo yalivuka karne. Mwaka 1832 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 18,000 jijini Paris. Sista Rosalie Rendu, Binti wa Upendo katika mtaa wa Mouffetard, alizijua familia za mafukara nyumba kwa nyumba. Mwanafunzi Frédéric Ozanam na wenzake walipoanzisha chama chao cha kuwahudumia maskini tarehe 23 Aprili 1833, ni yeye aliyewaelekeza milango ya kubisha na kuwafunza namna ya kuingia kwa heshima. Mikutano yao ilifunguliwa na kufungwa kwa sala. Katikati yake waliyajadili mahitaji ya familia walizozitembelea. Chama hicho, kinachoitwa kwa jina la Vincent, Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kimefika hadi parokia za Kenya na Tanzania.

Historia hii inatudai jambo. Miji yetu nayo ina wagonjwa wasio na wa kuwanawisha mikono, na makanisa yetu huwaombea kila Jumapili. Maombi hayo ni mema. Ila jumuiya inayowaombea maskini wa mji wake bila kuujua mlango wa hata mmoja wao, sala yake bado haijafika mwisho.