Uhuru wa Kuhama: Programu Huria na Maamuzi ya Kila Siku Kando ya Ziwa Victoria

Mjadala wa programu huria nchini Tanzania huanzia kwenye bei, na hapo ndipo unapopotea. Anayetetea Linux au LibreOffice mbele ya mwenye steshenari wa Nyegezi au Buzuruga, jijini Mwanza, humwambia kwamba programu hizo hazilipiwi. Mwenye steshenari humsikiliza kwa adabu, kisha huuliza: kwani mimi nalipia nini? Windows iliyomo kwenye mashine zake ilipigwa na fundi kwa ada ya kazi tu, Office ikafuata kutoka kwenye flashi ileile, na kiprogramu cha kuvunja ufunguo wa leseni kikamaliza shughuli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, lakini ni nadra mnunuzi wa kompyuta iliyotumika kuiingiza sheria hiyo katika hesabu zake. Kwake yeye, hoja ya bei imekwisha kabla haijaanza. Makala haya yanadai kwamba thamani anayoweza kuipima na kuitumia iko kwingine: katika uwezo wa kuhama, na kuhama na mali yake.

Richard Stallman, mwasisi wa vuguvugu la programu huria, alipoutangaza mradi wa GNU mwezi Septemba 1983, alitoka katika maabara ya akili unde ya MIT, mahali ambapo mtu aliyekerwa na printa alizoea kuufungua msimbo wake na kuurekebisha. Printa mpya ya Xerox ilipoletwa bila msimbo chanzo, mazoea hayo yalikatika, na hasira iliyotokana nayo ikawa falsafa. Falsafa hiyo inadai uhuru wa aina nne: kuiendesha programu kwa lengo lolote, kuichunguza na kuibadili, kugawa nakala zake, na kugawa nakala ulizozibadili. Mtumiaji aliyemo katika madai hayo ni fundi papo hapo. Anayesumbuliwa na kasoro ndiye anayeweza kuiondoa.

Mwanza haiko hivyo. Sehemu kubwa ya matumizi ya kompyuta hapa hupitia mikononi mwa mtu mwingine. Mwombaji wa ajira husimama nyuma ya kijana wa steshenari akimsomea namba ya cheti chake huku kijana akijaza fomu. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba huandikiwa hesabu na mwanawe aliyemaliza chuo. Zahanati binafsi humwita “mtu wa IT” anayehudumia zahanati nyingine kadhaa. Wakosoaji huchukua hali hii kuwa ushahidi kwamba uhuru wa msimbo ni anasa ya waandishi wa programu. Sikubaliani nao. Mwenye mtumbwi si lazima awe fundi wa mitumbwi. Kinachomlinda ni kuwepo kwa mafundi wengi mwaloni, ili yule wa kwanza akimlalia bei au akihama kisiwa, wa pili auzibe mtumbwi. Hata hivyo wakosoaji wametusaidia kwa jambo moja: wametulazimisha kuuliza uhuru huu hutekelezwa na nani, kwa niaba ya nani.

Mwanauchumi Albert Hirschman ana msaada zaidi hapa kuliko wanafalsafa wengi wa teknolojia. Kitabu chake cha 1970 kuhusu njia mbili za mteja asiyeridhika, yaani kuondoka au kupaza sauti, kilitokana na jambo aliloliona Nigeria: reli ya taifa iliendelea kuzorota ingawa malori yalikuwa yanainyang’anya mizigo. Wateja waliojali zaidi ndio waliotangulia kuondoka, na walipoondoka hakubaki wa kuwapigia kelele wakuu wa reli. Kwa hiyo kuhama si dawa ya kila kitu. Lakini pale ambapo mtu hawezi kuhama kabisa, hata sauti yake haina uzito. Programu iliyofungwa humweka mteja katika hali hiyo, kwa kuwa kazi zake zimeshikwa ndani ya umbo ambalo mtengenezaji peke yake ndiye anayelijua.

Kisa kinachonishawishi zaidi kiko ng’ambo kidogo ya Mwanza, mkoani Mara. Mwaka 2015 ulianzishwa mradi wa Crowd2Map wa kuchora ramani za vijijini, na moja ya sababu zake ilikuwa ya dharura kabisa. Wasichana wanaokimbia ukeketaji huhitaji kufikiwa, mara nyingi usiku, na vijiji wanakotoka vilikuwa weupe mtupu kwenye ramani za kidijitali. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloongozwa na Rhobi Samwelly na lenye nyumba salama Butiama na Mugumu, lilihitaji kujua barabara inaishia wapi na kijiji kinachotajwa kwenye simu kiko upande gani wa mto. Watu wa kujitolea walio mbali walichora nyumba na njia kutokana na picha za satelaiti. Wenyeji wakaongeza, kwa simu zao, vitu ambavyo satelaiti haivioni, kama majina ya vijiji, ya shule na ya zahanati. Vyote viliingia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kuichukua data, kuitumia na kuisambaza kwa masharti ya kuutaja mradi na kuiacha wazi.

Ramani bila simu ya kuisomea haina kazi. Kwa miaka kadhaa programu iliyopendwa ilikuwa Maps.me, kwa sababu hufanya kazi bila bando. Mwaka 2020 iliuzwa kwa wamiliki wapya, ikabadilishwa kwa namna iliyowaudhi watumiaji wengi. Lakini msimbo wake ulikuwa umewekwa wazi tangu 2015, hivyo baadhi ya waasisi wake waliuchukua wakaanzisha Organic Maps. Mwaka 2025 mgogoro wa uongozi ukazuka ndani ya Organic Maps yenyewe, na wachangiaji wengine wakatoka na kuanzisha CoMaps. Wamiliki waligombana, majina yakabadilika, na vijiji vya wilaya ya Serengeti vikabaki palepale kwenye ramani. Anayemwendesha msichana kumpeleka Mugumu hakuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Wenye ujuzi waliouandika walihama kwa ajili yake pia, bila kumjua.

Mfano wa pili una uchungu kidogo. Desemba 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, ofisi kamili ya kompyuta kwa Kiswahili. Haikuhitaji ruhusa ya mtu kutafsiri. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa Kiswahili, kwa ratiba yake na kwa uamuzi wake. Leo Jambo OpenOffice haipo tena kama bidhaa hai; kazi yake ilisimama, kama ya miradi mingi ya wafadhili. Kwa kipimo cha miradi, imekufa. Kwa kipimo cha leseni, hapana: LibreOffice, tawi lililojitenga na OpenOffice mwaka 2010, bado ina menyu za Kiswahili na kamusi ya tahajia ya Kiswahili ambayo mtu wa Sengerema anaweza kuiwasha leo. Ni wachache wanaoiwasha, kwa sababu waliofundishwa kompyuta walifundishwa kwa menyu za Kiingereza, na hilo halitatuliwi na leseni yoyote.

Katika afya, taarifa za vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za vituo vya afya, huingizwa katika DHIS2, mfumo huria uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na unaorekebishwa nchini na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wizara ya Afya imepata uhuru mkubwa kwa njia hiyo. Muuguzi wa Ukerewe hakuupata. Bado hujaza kisanduku alichoamriwa kujaza, na msimbo kuwa wazi hakumpi kiti kwenye kikao kinachoamua kisanduku hicho kiulize nini. Watetezi wa programu huria wangefanya vyema kulikiri hili mapema.

Tukirudi kwenye maamuzi madogo ya kila siku, kipimo cha kuhama kinageuza mpangilio tuliouzoea. Wengi huanza na mfumo endeshi, vita ya Windows na Linux, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote na ambayo faida yake huja mwisho. Kuhama huanzia kwenye faili. Duka la vipuri linalotunza madeni ya wateja ndani ya programu isiyoweza kuyatoa kama jedwali la kawaida limejifunga, hata kama programu hiyo ilitolewa bure. Duka linaloyatunza kwenye jedwali la kawaida halijajifunga, hata kama jedwali limetengenezwa kwa Excel ya kuvunjwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe anayeandika tasnifu kwa Word kwa sababu msimamizi wake hutumia Word anafanya uamuzi wa busara. Anayemlaumu hajawahi kuona namba za sura na majedwali zikivurugika faili linapopita kutoka programu moja hadi nyingine. Nakala ya pili katika umbo la ODF, ambalo limekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, itamtosha kwa sasa.

Mfumo endeshi umejileta wenyewe mezani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Hizo ndizo kompyuta za steshenari. Mashine inayopokea flashi za wateja kutwa nzima, isiyopata viraka vya usalama, na ambayo kinga yake ilizimwa ili kuvunja leseni, ni hatari kwa kila cheti cha kuzaliwa kinachopita juu yake. Mfumo endeshi huria wa Linux Mint ungeipa miaka mingine. Kikwazo ni printa na mashine za kudurufu, ambazo mara nyingi hudai kidereva kilichofungwa. Stallman angekikataa. Mimi ningekipokea: printa isiyochapa inafunga duka, na duka lililofungwa halihami kwenda popote.

Simu ndiyo inayonitatiza zaidi. Kiini cha Linux, chenye leseni huria ya GPL, kimo katika kila simu janja ya Tecno na itel inayouzwa Makoroboi, na bado mwenye simu hana uhuru wa maana juu yake. Kwamba watu wanautaka uhuru huo kunaonekana katika umaarufu wa GBWhatsApp. Waliipakua kwa sababu iliwapa uamuzi ambao WhatsApp iliwanyima, wakaupata kutoka kwa watengenezaji wasiojulikana, msimbo ukiwa umefichwa vilevile, na wengine akaunti zao zikafungiwa. Wala hakuna anayeweza kuhama WhatsApp peke yake, maana kikoba, ukoo na kamati ya msiba vimo humo. Hapa mtu mmoja hana la kufanya, na kumhubiria ni kumwonea.

Ndiyo maana mzigo wa hoja hii unawaangukia wale wanaoamua kwa niaba ya wengi: chuo, halmashauri, hospitali, mwalimu wa VETA. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inaipa Mamlaka ya Serikali Mtandao nguvu ya kuweka viwango vya TEHAMA kwa taasisi za umma, na zabuni ya mfumo wowote wa halmashauri inaweza kudai kwamba data yote itoke katika umbo linalosomeka na programu nyingine, kwamba jaribio la kuitoa lifanyike kabla ya malipo ya mwisho, na kwamba fundi wa halmashauri, si mzabuni, ndiye aliendeshe jaribio hilo.